Baba Hajulikani: Daftari za Kifungilo na Elimu ya Vinasaba

Kifungilo ni mahali padogo katika Usambara ya Magharibi, mwendo mfupi kutoka Lushoto mjini. Leo pana shule ya sekondari ya wasichana iliyo mashuhuri. Katika miaka ya utawala wa Waingereza palikuwa pia na nyumba ya kulelea watoto, iliyotunzwa na masista Wajerumani wa Shirika la Damu Azizi. Watoto wengi wa nyumba ile walikuwa wamezaliwa na mama Mwafrika na baba mgeni, na lugha ya siku zile iliwaita machotara. Baadhi yao walikuwa yatima kweli. Wengine walikuwa na wazazi walio hai ambao hawakuweza kuwalea, au hawakutaka kuonekana nao. Maria Nhambu, aliyelelewa hapo na kuishi baadaye Marekani, ameyaeleza maisha hayo katika kitabu chake Africa's Child, kilichotolewa mwaka 2016.

Waliokuwa wachanga wa Kifungilo katika miaka ya 1940 sasa wamefikia umri wa miaka themanini hivi. Mtu wa umri huo anapoulizwa na daktari kama katika ukoo wake kuna ugonjwa wa moyo au wa sukari, hana jibu la upande wa baba, na mara nyingine hata la upande wa mama. Wawili waliolala katika bweni moja utotoni waweza kuwa watoto wa baba mmoja bila wenyewe kujua. Na wajukuu huuliza swali ambalo kila mtoto huliuliza: babu alikuwa nani?

Swali hilo zamani lilikuwa na njia moja tu ya kujibiwa, nayo ni kusoma maandishi na kuwasikiliza wazee. Sasa kuna njia ya pili, ya maabara. Makala haya yanaonyesha jinsi njia hizo mbili zinavyosaidiana, na kwa nini kila moja, ikiachwa peke yake, huweza kupotosha.

DAFTARI HUSEMA NINI

Parokia ya Kikatoliki huweka daftari la ubatizo. Humo huandikwa jina la mtoto, tarehe ya kuzaliwa na ya kubatizwa, majina ya wazazi, jina la msimamizi na la padre. Daftari za zamani ziliandikwa kwa Kilatini, na mahali pa jina la baba mara nyingi huonekana maneno mawili, pater ignotus, maana yake “baba hajulikani”. Mtafiti mwanafunzi asidhani kwamba maneno hayo daima ni ya kweli. Pengine baba alijulikana vizuri sana, na ndiyo sababu hakuandikwa.

Hata hivyo ukurasa wa namna hiyo una mengi ya kusema. Msimamizi wa ubatizo mara nyingi ni jamaa au jirani wa mama. Tarehe mbili zikiachana kwa miaka, mtoto alifika akiwa mkubwa. Jambo lenye faida kuliko yote limo pembeni mwa ukurasa: sheria ya Kanisa huamuru kwamba mtu akifunga ndoa, habari ipelekwe katika parokia alikobatizwa ili iandikwe kando ya jina lake. Kwa hiyo msichana aliyeondoka Usambara, akaolewa mbali na kuchukua jina la mume, bado huweza kufuatwa kwa mstari ule mmoja mdogo.

Kusoma maandishi ya kale ya Usambara kunataka pia ujuzi wa tahajia. Wajerumani waliandika Wuga kwa Vuga, Mtai kwa Mtae, na sauti ya sh waliiandika sch. Lushoto iliitwa Wilhelmstal. Mlalo, ambako misheni ya Kilutheri ilianzishwa mwaka 1891, iliitwa Hohenfriedeberg. Mjukuu anayetafuta Mlalo katika barua za wakati ule bila kulijua jina hilo la pili, atatafuta mpaka macho yamuume.

Serikali nayo iliacha maandishi yake. Kodi ya nyumba ilianza kutozwa na Wajerumani mwaka 1898, na Waingereza waliendelea na kodi zao. Karatasi nyingi za tawala hizo mbili zimehifadhiwa katika Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam. Uandikishaji wa vizazi wakati wa ukoloni uliwahusu hasa Wazungu na Waasia. Mwafrika aliyezaliwa kijijini au katika kambi ya vibarua wa mkonge kwa kawaida hakuwa na cheti. Ndipo daftari la misheni linapokuwa na thamani kubwa. Kwa familia za Kiislamu, ambazo ni nyingi Usambara, hakuna kitabu kinacholingana na hicho. Huko hutafutwa hati za ndoa na za mirathi, na zaidi ya yote hutegemewa kumbukumbu za wazee.

Wakati mwingine historia kuu ya nchi huondoa uwezekano fulani. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza Wajerumani walifukuzwa Tanganyika, na hawakuruhusiwa kurudi mpaka mwaka 1925. Vita vya pili vilipoanza Septemba 1939 wanaume wao walikamatwa na kuwekwa kizuizini. Basi ikisemwa kwamba baba wa mtoto aliyezaliwa Tanganyika mwaka 1923 alikuwa mlowezi Mjerumani wa Lushoto, habari hiyo itiliwe shaka kubwa kabla ya jambo jingine lolote.

KUMBUKUMBU ZA MDOMO

Usambara ni nchi ya watu waliotunza nasaba. Ukoo wa Wakilindi, uliotawala kutoka Vuga, hujihesabu kutoka kwa Mbegha, mwindaji aliyekuja kutoka Ngulu. Abdallah bin Hemedi aliiandika habari hiyo kwa Kiswahili mwishoni mwa karne ya 19 katika Habari za Wakilindi. Kimweri ye Nyumbai, aliyefariki mwaka 1862, aliwaweka wanawe katika sehemu nyingi za nchi wawe watawala wadogo. Ndiyo maana wanaojiita Wakilindi wako kila bonde. Jina linaloanza na She- hutosha hata leo kumwambia msikilizaji kwamba mwenye jina, au baba yake, ana asili ya milima hiyo. Mtoto aliyebatizwa kwa jina la mtakatifu na kupewa jina la pili la kigeni alipoteza alama hiyo.

Lakini kumbukumbu ina desturi zake. Kwa Kiswahili dada ya mama ni mama, mkubwa au mdogo. Ndugu wa kiume wa baba ni baba. Mzee akisema “yule alikuwa mama yangu”, aulizwe kwa upole kama ndiye aliyemzaa. Vilevile jina la babu hurudi kwa mjukuu, hata Kimweri mmoja akachukuliwa kuwa mwingine na miaka hamsini ikapotea. Haya si makosa ya wazee. Walihifadhi nani ana wajibu kwa nani, na kwa kazi hiyo lugha yao inatosha kabisa.

YALIYOMO KATIKA CHEMBE

Kila chembe hai ya mwili wa binadamu, isipokuwa chache, ina kromosomu 46: 23 kutoka kwa baba na 23 kutoka kwa mama. Kromosomu zimeundwa kwa uzi mrefu wa DNA, na habari ya urithi imeandikwa juu ya uzi huo kwa herufi nne za kikemia, jumla yake kama bilioni 3 kwa kila fungu la kromosomu 23. Watu wote wanalingana kwa sehemu kubwa mno ya maandishi hayo. Maabara za kutafuta nasaba husoma mahali laki kadhaa tu ambapo watu hutofautiana.

Mwaka 1984 Alec Jeffreys, huko Leicester, Uingereza, aligundua njia ya kumtambua mtu kwa DNA. Watu wengi hudhani kazi ya kwanza ya ugunduzi huo ilikuwa kukamata wauaji. Sivyo. Mwaka 1985 ulitumiwa kuthibitisha kwamba kijana mmoja wa familia ya Kighana, aliyezuiwa na maofisa wa uhamiaji wa Uingereza, alikuwa kweli mtoto wa mama aliyemdai.

Kromosomu Y hupita kutoka kwa baba kwenda kwa mwana wa kiume, karibu bila kubadilika. DNA ya mitokondria hupita kutoka kwa mama kwenda kwa watoto wake wote, lakini mabinti tu ndio huiendeleza. Hizo ni njia mbili nyembamba: mtu akirudi nyuma vizazi 10 ana nafasi 1,024 za mababu na mabibi katika nasaba yake, na Y pamoja na mitokondria huwagusa wawili tu. Kromosomu nyingine huchanganywa upya katika kila kizazi.

Mwalimu aweza kuonyesha mchanganyiko huo kwa maharage. Atie mfukoni maharage 20 mekundu ya babu na 20 meupe ya bibi. Hayo 40 ni urithi wa baba. Mwanafunzi achukue 20 bila kutazama; hayo ndiyo mtoto anayopewa na baba yake. Mekundu hayatakuwa 10 kila mara. Pengine 8, pengine 13. Kila mtoto wa baba yuleyule atapata hesabu yake. Katika mwili halisi urithi hupita kwa vipande virefu vilivyoshikamana, si punje mojamoja, kwa hiyo tofauti baina ya ndugu na ndugu yaweza kuwa kubwa zaidi.

Urefu wa vipande ambavyo watu wawili wanashirikiana hupimwa kwa sentimogani. Mzazi na mtoto hushirikiana kama 3,450. Ndugu wa baba mmoja na mama mbalimbali hushirikiana kama 1,750. Watoto wa ndugu wawili, kama 870. Wajukuu wa ndugu wawili, kama 230. Baada ya hapo hesabu hupungua upesi: kati ya vitukuu vya ndugu wawili wako wachache wasioshirikiana kipande chochote kinachoonekana, ingawa ni jamaa wa kweli.

Maabara haijui nani mjomba na nani baba mdogo. Hesabu ya 1,750 yaweza kuwa ya ndugu wa baba mmoja, au ya shangazi na mtoto wa kaka yake, au ya bibi na mjukuu. Atakayeamua ni tarehe ya kuzaliwa, na tarehe imo katika daftari.

MFANO WA MAMA A

Chukua mfano wa kubuni. Mama A alizaliwa mwaka 1946 na kupelekwa Kifungilo akiwa mchanga. Daftari lina jina moja la mama yake, jina la shamba la mkonge upande wa Korogwe, na yale maneno mawili ya Kilatini. Binti yake anaishi ng'ambo, na Mama A alipomtembelea alitoa mate yake katika kichupa yakapimwa.

Majibu yanaleta wageni wawili walio karibu. Bwana B, wa Scotland, anashirikiana naye sentimogani 441. Bibi C, wa Canada, 225. B na C nao wanashirikiana wao kwa wao, na vitabu vya nasaba vya familia zao vinakutana kwa mume na mke mmoja waliooana katika miaka ya 1880. B ni mjukuu wa wale wawili. C ni kitukuu chao.

Sasa hesabu. Kiasi cha 225 kinafaa wajukuu wa ndugu wawili. Kama Mama A ni kitukuu cha mume na mke wale, atakuwa na C uhusiano huohuo. Na B, aliye mjukuu wao, atakuwa mtoto wa ndugu ya babu yake Mama A; uhusiano huo hutarajiwa kuleta kama 430. Hesabu zote mbili zinakubaliana. Basi baba wa Mama A hutafutwa miongoni mwa wajukuu wa kiume wa mume na mke wale, lakini si ndugu wa tumbo moja wa B, wala si kutoka tawi la C, kwa kuwa hesabu zingekuwa kubwa zaidi.

Tuseme linabaki tawi moja lenye ndugu wawili wa kiume. Hapa maabara imefika mwisho wake, kwa sababu kwa Bwana B na Bibi C ndugu hao wawili ni sawasawa. Karatasi ndizo zinazoendelea: orodha za abiria wa meli waliotoka bandari za Uingereza, ambazo zimehifadhiwa kwa safari za mwaka 1890 hadi 1960, na Gazeti la Serikali ya Tanganyika lililotangaza uteuzi na likizo za maofisa. Mmoja wa ndugu wale anaonekana akishuka Tanga. Mwingine hakuvuka bahari.

Na kama wote wawili walikuwako Tanganyika? Itabidi binti wa mmoja wao akubali kupimwa. Akiwa ni dada wa Mama A kwa baba, watashirikiana kama 1,750. Akiwa mtoto wa baba mdogo, kama nusu ya hapo. Kuna na ushahidi wa ziada. Mwanamume ana kromosomu X moja tu, naye humpa kila binti yake hiyo hiyo nzima. Mabinti wawili wa baba mmoja lazima washirikiane X nzima kutoka mwanzo hadi mwisho. Watoto wa ndugu wawili wa kiume hawana lazima hiyo.

Njia ya namna hii si ya darasani tu. Nanyuki, Kenya, ambako jeshi la Uingereza lina kituo cha mazoezi, watoto walioachwa na askari wametoa mate yao, na katika miaka ya 2024 na 2025 mwanasheria James Netto na mtaalamu wa vinasaba Denise Syndercombe Court wamefanikiwa kuwapata baba kadhaa kwa kupitia jamaa zao waliomo katika hazina za kampuni za kupima nasaba. Baadhi ya hao wamethibitishwa na mahakama mjini London.

UPANDE WA MAMA

Msomaji ataona upungufu mmoja katika mfano huu. Jamaa wote waliopatikana ni wa upande wa baba. Hazina za kampuni hizo zimejaa watu wenye asili ya Ulaya. Jamaa wa mama, ambao pengine wanaishi mwendo wa saa tatu kutoka Kifungilo, hawamo. Mama A aweza kupata binamu wa Canada kwa wiki sita na asimpate mtoto wa mjomba wake wa Korogwe hata kidogo. Majibu yanayosema “asilimia hamsini Afrika Mashariki” hayamsaidii, kwani hilo alilijua tangu bweni la Kifungilo.

Upande huo hutafutwa kwa miguu: kwa wazee wa shamba lile, kwa ukoo wa msimamizi wa ubatizo, kwa vijiji walikotoka vibarua. Akipatikana anayedhaniwa kuwa jamaa, ndipo kipimo hutumika kuthibitisha, na DNA ya mitokondria hufaa hasa kati ya watoto wa mama mkubwa na mama mdogo. Ikiwa tofauti, dai la kuwa mama zao walizaliwa na mama mmoja limevunjika. Ikilingana halijathibitika bado, kwa kuwa watu wengi wasiojuana hurithi aina moja.

Elimu hiyohiyo imetumiwa kwa wafu wa zamani zaidi. Mwaka 2023 watafiti, miongoni mwao Chapurukha Kusimba na David Reich, walitoa katika jarida la Nature matokeo ya DNA ya watu 80 waliozikwa katika miji ya Waswahili, kama Mtwapa, Manda na Kilwa, na sehemu moja ya bara. Wengi wa watu wa miji ya pwani walikuwa na asili ya Kiafrika iliyotoka hasa kwa mabibi, na asili ya Kiasia, ya Kiajemi kwa sehemu kubwa, iliyotoka hasa kwa mababu wa kiume. Mchanganyiko ulianza karibu na mwaka 1000. Simulizi za Washirazi zilizodharauliwa na wanachuoni wengi zilikuwa na kiini cha kweli. Pamoja na hayo, lugha na utamaduni wa miji ile vilibaki vya Kiafrika, jambo ambalo hakuna kromosomu iwezayo kulieleza.

SHERIA NA SIRI

Tanzania ina Sheria ya Vinasaba vya Binadamu ya mwaka 2009, na kazi hiyo husimamiwa na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Mtu anayetaka kuthibitisha uzazi haendi tu na kichupa chake. Ombi hupitia mahakama, wakili au ofisi ya ustawi wa jamii. Utaratibu huu huwaudhi baadhi ya watu, lakini una sababu. Jibu la DNA halimhusu aliyepimwa peke yake. Ndugu zake wote wamo ndani yake bila kuulizwa, pamoja na mama ambaye pengine alinyamaza miaka sitini kwa sababu anazozijua mwenyewe.

Kuhifadhi habari hizo ng'ambo nako kuna hatari yake. Mwaka 2023 wezi wa mitandao walifikia habari za watu kama milioni 6.9 wa kampuni moja kubwa ya Marekani, na mwaka 2025 kampuni hiyo ikaomba kinga ya kufilisika. Nywila iliyoibwa hubadilishwa, vinasaba havibadilishwi.

Familia inayoamua kupima baada ya kuyapima hayo yote, na ianze na aliye mzee kuliko wote. Mama A anashirikiana na Bwana B sentimogani 441. Binti yake atashirikiana naye kama 220, na mjukuu kama 110, kiasi ambacho jamaa wa namna nyingi tofauti huweza kuwa nacho. Mzee anapozikwa, nusu ya ushahidi alioubeba huondoka kwa kila mtoto aliyemwacha. Na kama aliacha mtoto mmoja tu, nusu hiyo haiko tena popote.